Kabla Hujanunua Spea: Kutafuta Ubovu na Kutunza Land Rover la Zamani, Arusha na Moshi

Mteremko wa Kikafu, ukitoka Boma Ng'ombe kwenda Moshi, naujua jiwe kwa jiwe. Nimekaa pale kando ya barabara mara nne, boneti wazi, nikiitazama injini kama mtu anayengoja isemeshe.

Gari ni Land Rover Series III ya petroli, ile ndefu. Lilikuwa likitoka Arusha zima kabisa. Likishatembea kama dakika arobaini linaanza kukosa nguvu, linakohoa, linazima. Ukilipumzisha robo saa linawaka kama halikuwa na neno. Kwa miezi mitatu nilibadilisha koili ya kuzalisha umeme wa cheche, kondensa, pampu ya mafuta na mwisho kabureta nzima. Kila spea mpya ilinipa wiki moja ya matumaini.

Ubovu wenyewe ulikuwa kipande cha nailoni. Kwenye gereji moja waliona mpira wa kifuniko cha tenki umechakaa, wakakata mfuko wa nailoni wakauweka chini yake ili petroli isimwagike. Nailoni ikaziba kitundu cha hewa. Pampu inavuta mafuta, hewa haiingii kuchukua nafasi yake, mpaka tenki linakuwa kama chupa ya mtoto iliyoziba chuchu: unavuta, unavuta, hakitoki kitu.

Aliyegundua ni fundi mmoja mzee wa Ngarenaro. Nilimwamkia, akaitikia, akanisikiliza mpaka mwisho bila kushika spana. Kisha akauliza: "Likizima, mwanangu, umewahi kufungua kifuniko cha tenki ukasikiliza?" Sikuwahi. Safari iliyofuata lilipozima nikafungua. Likavuta pumzi, fyuuu, likawaka papo hapo.

Mwongozo huu umetokana na fedha nilizopoteza pale. Mifano yangu ni ya Series III, iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985, yenye injini ya petroli ya silinda nne, ujazo wa cc 2286. Nimeichagua kwa sababu ndiyo ninayoijua, na kwa sababu Arusha ni mji wa Land Rover. Waliokuja kwenye tamasha lake la Oktoba 2024 walijionea wenyewe. Mwenye Peugeot 504, Datsun au Volkswagen ya injini ya nyuma atafuata njia ileile, ila vipimo atafute vya gari lake.

Vifaa, na daftari

Huhitaji gereji. Unahitaji sakafu ngumu, kivuli na vifaa vichache vizuri. Kikubwa cha kujua ni kwamba nati nyingi za magari haya ni za inchi. Spana za milimita zinazouzwa kila duka zinakaribia kuingia, na huko kukaribia ndiko kunakokula kona za nati. Tafuta seti ya inchi, hasa 7/16, 1/2 na 9/16. Ongeza fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), multimita hata ya bei ndogo, taa ya kupimia umeme yenye waya mbili, geji ya kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) ukiweza, na stendi mbili za chuma. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, wala lililowekwa kwenye tofali. Tofali la bloku hupasuka bila kuaga.

Halafu nunua daftari. Andika tarehe, kilomita, ulichogusa, ulichokiona na hali ilivyokuwa: lilikuwa la moto au la baridi, lilikuwa linapanda au tambarare, tenki lilikuwa nusu au limejaa. Mimi ningeandika mapema ningegundua kwamba gari halikuwahi kunizimia lilipokuwa na petroli kidogo. Tenki likiwa na nafasi kubwa ya hewa, huchukua muda mrefu zaidi kubana. Jibu lilikuwa mbele yangu, ila sikuwa nimeliandika popote.

Gari lililolala

Wengi tunayapata haya magari uani kwa mtu. Limesimama chini ya migomba Kibosho au Machame miaka kumi, kuku wametagia kwenye kiti, na mwenye nyumba anakuapia kwamba lilisimama likiwa zima. Muamini, lakini usipige stata.

Toa plagi zote nne. Mimina kijiko cha oili ya injini katika kila tundu, uache usiku mzima. Kesho yake zungusha injini kwa hendeli ya mbele. Magari haya bado yana nafasi ya hendeli, na hiyo ni neema. Ikigoma usitumie nguvu za wanaume watatu. Ongeza oili, ngoja siku nyingine mbili, jaribu kuisogeza kidogo mbele na nyuma. Ringi zilizoshikwa na kutu hulegea kwa subira.

Mwaga oili ya zamani na uitazame. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na hapo habari inabadilika: utafungua silinda hedi. Ikiwa nyeusi tu, weka mpya ya 20W-50, kama lita 6 na kidogo ya kujaza filta. Oili nyepesi za magari ya kisasa hazifai injini iliyokwisha legea. Itavuja kila mahali na presha itashuka ikipata moto.

Petroli ya zamani itoe yote. Ikikaa miaka hunuka kama vanishi na huacha gundi kwenye tenki na kwenye kabureta. Pampu ya mafuta ina kikombe cha kioo cha kukusanya uchafu. Kifungue, kisafishe, angalia kama kuna kutu. Mipira yote ya mafuta ibadilishe bila kujadili. Kagua wayaringi, maana panya wa migombani hupenda waya, na usisahau kufungua kisafisha hewa. Changu kilikuwa na kiota.

Kabla ya kurudisha plagi, piga stata injini ikiwa nyepesi mpaka taa ya oili izime. Hapo tu ndipo ufunge plagi na ujaribu kuliwasha. Na kabla halijasogea hata hatua moja, soma sehemu ya breki hapa chini.

Haliwaki

Gari la petroli la kabureta linahitaji mambo machache tu: injini izunguke vya kutosha, cheche ije kwa wakati wake, mafuta na hewa viingie kwa kiasi. Yapime kwa mpangilio huo, na usiruke kwa sababu jirani amesema ni pampu.

Kuzunguka kwanza. Betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6. Ikisoma chini ya 12.4, ichaji kabla ya kuendelea, vinginevyo vipimo vyote vitakavyofuata vitakudanganya. Ikiwa nzima na stata bado inazunguka kivivu au inagonga tu "ta", pima ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari. Weka waya mmoja wa multimita kwenye nguzo ya hasi ya betri yenyewe, si kwenye kibano chake. Waya mwingine uweke kwenye chuma kisafi cha injini. Mtu apige stata huku ukisoma. Ikizidi nusu volti, umeme unapotea njiani. Injini hukaa juu ya mipira, kwa hiyo ina waya wake wa ethi kwenda kwenye chesisi. Waya huo ukiwa na kutu hakuna betri itakayokuokoa. Fungua ncha zote, sugua kwa msasa mpaka chuma ing'ae, paka grisi kidogo, funga. Betri nyingi zinazouzwa mitaani kwetu zilitakiwa ziwe msasa wa bei ndogo tu.

Cheche baadaye. Chomoa waya wa plagi, funga plagi ya ziada mwishoni, iguse kwenye chuma ukiishika kwa plaizi yenye mpini wa mpira, mbali na kabureta. Cheche nene ya buluu inayolia ni nzima. Ya njano nyembamba ni dhaifu. Isipokuwepo kabisa, chukua taa ya kupimia. Waya mmoja kwenye ethi, mwingine kwenye koili, upande unaokwenda kwenye distribyuta, kile kigawaji cha umeme wa plagi. Washa swichi, piga stata. Taa ikiwaka na kuzima-zima, pointi (swichi ndogo ndani ya distribyuta) zinafanya kazi. Ikiwaka moja kwa moja, pointi hazifungi au zimechafuka. Isipowaka kabisa, ama umeme haufiki kwenye koili, ama pointi zimeshikana na ethi.

Fungua kifuniko cha distribyuta. Kipanguse, kiangalie juani kama kina mstari mwembamba mweusi wa mpasuko. Umeme hupenda kupita hapo, hasa asubuhi za Juni na Julai Arusha, ukungu ukiwa umelowesha kila kitu. Zungusha injini kwa hendeli mpaka kisigino cha pointi kikae juu kabisa ya nundu. Nafasi iwe milimita 0.35 hadi 0.40. Zikiwa na shimo upande mmoja na kichuguu upande mwingine, badilisha zote na kondensa yake. Kondensa mbovu hukupa cheche ya njano na pointi zilizoungua. Ni kitu kidogo na cha bei nafuu, na ndicho spea mpya inayokufa haraka kuliko zote. Nunua mbili, jaribu zote mbili kwenye gari siku hiyohiyo, inayobaki uiweke kwenye boksi la safari ukijua ni nzima.

Waya za plagi zinafuatana 1-3-4-2, silinda ya kwanza ikiwa ile ya karibu na rejeta. Usizichomoe zote kwa pamoja bila alama. Nimefanya hivyo usiku mmoja kwa kujiamini, na majirani wa Sakina walidhani ni baruti.

Mafuta mwisho. Tenganisha waya wa koili ili pasiwe na cheche. Chomoa mpira wa petroli kwenye kabureta, uingize kwenye chupa angavu, mtu apige stata. Petroli iruke kwa mapigo yenye nguvu. Ikitoka kwa kudondoka, rudi nyuma hatua kwa hatua: kikombe cha kioo, diaframu ya pampu, mpira uliobonyea, bomba, na kifuniko cha tenki. Kama kuna anayevuta sigara karibu, mfukuze, hata kama ni mjomba.

Linazima likipata moto

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu magonjwa matatu yana sura moja. Yote huzima gari likishatembea, na yote hupona likipumzika. Siri ni kupima wakati ubovu upo, katika dakika tatu za kwanza, kabla gari halijapoa. Ukishafika gereji kesho yake, fundi hana cha kuona, na atakubadilishia anachokiamini.

Likizima, egesha salama, weka pembetatu, kisha fungua kifuniko cha tenki huku ukisikiliza. Likivuta pumzi na likawaka mara moja, ni tundu la hewa. Huo ndio ugonjwa wangu.

Kama kimya, pima cheche hapohapo, bado la moto. Cheche ikiwa haipo au ni nyuzi ya njano, na baada ya nusu saa imerudi nene, ni koili au kondensa. Shika koili: vuguvugu ni kawaida, ya kuunguza mkono si kawaida. Anza na kondensa kwa sababu ni rahisi.

Kama cheche iko imara, chomoa mpira wa kabureta. Ukikuta mapovu na mvuke badala ya petroli, mafuta yamechemka kwenye bomba. Hili ni la Moshi zaidi kuliko Arusha. Mchana wa Februari, umetoka kusubiri kwenye foleni pale mjini, joto la injini limepanda bila upepo, na bomba linapita jirani na ekzosi. Kitambaa kilicholoweshwa maji juu ya pampu na bomba kitakufikisha nyumbani. Dawa ya kudumu ni kulisogeza bomba mbali na ekzosi na kuweka kipande cha bati kati yake. Wako wanaobana vibanio vya kuanikia nguo kwenye bomba ili vipunguze joto. Nimejaribu. Havifanyi chochote, ila watoto hufurahi.

Linamisi, halina nguvu, linakula mafuta

Kabla ya kulaumu injini, kumbuka uko wapi. Arusha ni kama mita 1,400 juu ya bahari, na hewa huku imepungua kwa takribani asilimia 15 ukilinganisha na Dar es Salaam. Kabureta haijui hilo. Inaendelea kumwaga petroli ya pwani kwenye hewa ya mlimani. Gari lililotuniwa Dar likifika Sakina linatoa moshi mweusi, plagi zinapaka masizi, na nguvu inapungua. Moshi ipo chini zaidi, kwa hiyo tofauti ni ndogo. Sehemu ya nguvu hiyo huwezi kuirudisha, ni mlima umeichukua. Masizi unaweza kuyaondoa.

Toa plagi baada ya safari, uzisome kwa mpangilio. Kahawia hafifu ni afya. Nyeusi kavu ni mafuta mengi. Nyeusi yenye oili ni ringi au gaidi za valvu. Nyeupe ni mafuta machache au joto kali. Moja ikitofautiana na tatu nyingine, ubovu uko kwenye silinda hiyo, usihangaike na kabureta. Nafasi ya plagi ni kama milimita 0.75 hadi 0.80.

Kisha tuni kwa mpangilio huu: tapeti, pointi, taimingi (wakati wa cheche kuruka), kabureta. Kabureta ndiyo hulaumiwa ya kwanza, na ndiyo inatakiwa kuguswa ya mwisho.

Nafasi ya tapeti, ile iliyo kati ya valvu na mkono unaoisukuma, ni milimita 0.25 kwa zote, za kuingiza na za kutoa. Kuna hesabu nzuri ya kuzipanga: valvu ni nane, na jumla lazima iwe tisa. Valvu ya 8 ikiwa imefunguka kabisa, panga ya 1. Ya 7 ikifunguka, panga ya 2. Ya 6, panga ya 3, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Fila geji ipite kwa kukwaruza kidogo, kisha shika bisibisi isisogee huku ukikaza lokunati, na upime tena. Watu wengi hufurahi tapeti zikinyamaza. Mimi huogopa. Tapeti inayogonga ina nafasi. Iliyonyamaza ghafla huenda imekosa nafasi, na valvu isiyofunga sawasawa huungua. Injini nyingi za enzi hizo zilizoea petroli yenye madini ya risasi, ambayo ililinda viti vya valvu. Petroli hiyo iliondoka katika nchi za kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006. Tangu hapo valvu za kutoa moshi huweza kula viti vyao taratibu na nafasi ya tapeti hupungua. Andika vipimo kwenye daftari kila mara. Valvu inayobana kila miezi michache inakueleza kitu.

Kama bado linamisi, pima kompresheni: injini ya moto, plagi zote nje, mguu umekanyaga gesi mpaka mwisho. Usishangae namba zikiwa chini kidogo kuliko za kitabu, ni hewa ya huku. Linganisha silinda kwa silinda. Moja ikipungua kwa zaidi ya asilimia 15, mwagia humo kijiko cha oili upime tena. Ikipanda ni ringi. Isipopanda ni valvu au gasketi. Mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, karibu hakika ni gasketi kati yao.

Sasa kabureta. Zenith ya magari haya ina kosa lake la kuzaliwa: mfuniko wa juu hupinda kwa joto na pete ya mpira ndani yake huchoka, ikawa inavuta petroli pasipotakiwa. Dalili ni sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga gesi) isiyotulia na tumbo lisiloshiba. Weka mfuniko juu ya kioo bapa chenye msasa laini, uusugue mpaka ukae sawa, badilisha pete. Ukishaufunga, liwashe lipate moto kamili. Kaza skrubu ya mchanganyiko polepole mpaka injini ianze kuyumba, kisha uifungue mpaka izunguke kwa kasi na utulivu kuliko popote. Punguza sailensa kwa skrubu yake, rudia mara moja. Fanya hivyo ulipo, si pwani.

Linachemsha

Kutoka Himo kupanda Marangu ndiko mtihani. Maji ya wazi Arusha huchemka karibu nyuzi 95, si 100, kwa hiyo kifuniko cha rejeta kinachoshika presha kina kazi kubwa zaidi huku kuliko pwani. Mpira wake ukikatika, gari litachemsha hata kama kila kingine ni kizima. Nacho ndicho watu husahau kukibadilisha.

Usifungue rejeta la moto. Sema hivyo pia kwa kila kijana anayekuja kusaidia akiwa na chupa ya maji mkononi.

Likishapoa, angalia fenibelti. Ukiibonyeza katikati isogee kama sentimita moja na robo. Mulika tochi nyuma ya rejeta: mbegu za nyasi, vumbi na wadudu hujaza mapengo, na huoshwa kwa maji ya mpira kutoka upande wa injini kwenda mbele. Halafu muulize aliyelihudumia kabla yako kama alitoa themostati. Huku karibu kila gari la zamani limetolewa, kwa imani kwamba nchi ya joto haiihitaji. Arusha ya Julai si nchi ya joto. Injini isiyofika joto lake hula petroli, hutia tope kwenye oili na kuisha mapema. Ijaribu themostati kwenye sufuria ya maji jikoni: ikifunguka maji yakiwa ya moto sana, kabla hayajachemka, ni nzima, irudishe.

Ndani ya rejeta usiweke maji ya mfereji wala ya mto. Maji mengi ya upande wa Meru yana madini, floridi ikiwemo, ile inayotupaka meno rangi ya kahawia, na kata nzima kule njiani inaitwa Maji ya Chai. Kinga maji ya mvua au nunua ya betri, changanya nusu kwa nusu na kulanti, ile dawa ya rejeta. Ukiona mapovu yasiyokwisha kwenye rejeta injini ikiunguruma, na oili imekuwa na maziwa, acha. Hiyo ni gasketi, na kila kilomita unayoongeza inapinda silinda hedi.

Breki

Hapa sina mzaha. Gari likishindwa kuwaka unachelewa. Likishindwa kusimama Kikafu, hapo kuna mto.

Series III ina breki za ngoma magurudumu yote. Pedali ikizama polepole ukiikanyaga kwa kuishikilia, na hakuna uvujaji unaoonekana, masta silinda imechoka ndani. Ikiwa kama sponji, kuna hewa. Ikishika tu baada ya kukanyaga mara mbili, mara nyingi breki shuu ziko mbali na ngoma na zinahitaji kusogezwa. Upande wa ndani wa kila gurudumu kuna bolti ya kusogezea, moja au mbili: zungusha kila moja mpaka gurudumu likwame, kisha rudisha mpaka lizunguke huru. Wengi hutoa upepo (hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki) mara tano wakati kilichotakiwa ni hiki.

Toa ngoma zote. Usipulize vumbi kwa mdomo wala kwa kompresa. Laini za breki za zamani, yaani kile kitambaa kigumu cha kwenye shuu, zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huua mapafu baada ya miaka mingi. Lilowanishe, lipanguse kwa kitambaa, tupa kitambaa kikiwa ndani ya mfuko. Inua kingo za mpira wa kila wili silinda. Ukikuta unyevu, badilisha, na badilisha pande zote mbili.

Mafuta ya breki ni DOT 3 au DOT 4 pekee. Nimeona gari lililojazwa oili ya hydroliki ya trekta. Mipira yote ilivimba na breki zikashika zenyewe barabarani. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo badilisha yote kila miaka miwili na usitumie chupa iliyoachwa wazi. Kutoa upepo anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, malizia la karibu.

Na hendibreki: haishiki magurudumu, inashika shafti nyuma ya gia boksi. Ni ya kuegeshea tu. Ukiivuta gari likitembea unavunja vitu vya bei mbaya. Ukiegesha kwenye mteremko, acha gia na uweke jiwe.

Vumbi na masika

Kisafisha hewa cha magari haya ni cha oili, kama bakuli. Hewa inapita juu ya oili, vumbi linanaswa. Kiangazi, ukipita njia za Monduli au za mashamba ya miwa huko TPC, kifungue kila baada ya safari ndefu, mwaga tope, osha kwa mafuta ya taa, weka oili mpya mpaka kwenye alama, si zaidi.

Oili ya injini badilisha kila kilomita 5,000 au mara moja kwa mwaka, hata kama hukutembea. Gia boksi, gia boksi ya msaada na difu hutumia oili nzito ya gia, EP 90. Angalia kiwango kila unapopaka grisi. Zile tufe kubwa za magurudumu ya mbele zina oili yao pia, na sili zake zikikauka utaona mstari mweusi kwenye tairi.

Kuhusu kutu, usidanganywe na bodi. Ni ya aluminiamu na itakuzika. Chesisi ni chuma, na tope la masika hukaa ndani yake, hasa kwenye boriti ya nyuma na mikono inayoshikilia bodi. Baada ya mvua za Mei osha chini kwa maji mengi, kisha tembea na nyundo ndogo ukigonga. Chuma kizima hulia. Kilichooza husema "bup". Hapo mchomeleaji akate mpaka penye chuma safi aweke kipande kipya; bati lililobandikwa juu ya uozo ni mapambo. Kabla hajawasha mashine, fungua betri na utenganishe oltaneta.

Spea, na boksi la safari

Kwa Arusha, mtaa wa Unga Limited na gereji za jirani zake ndiko utakakopata vingi, na kwa Moshi zunguka Majengo na Pasua. Nenda na kile kilichoharibika mkononi. Picha ya simu haitoshi, kwa sababu magari haya yamebadilishwa vitu mara nyingi kuliko kitabu kinavyojua. Langu lina distribyuta ambayo mpaka leo sijajua ilitoka gari gani. Kwa rota, kondensa na diaframu za pampu, cha zamani kilichotolewa kwenye skrepa mara nyingine hushinda kipya kilichotengenezwa ovyo. Mipira na mafuta ya breki, kamwe usinunue vya zamani.

Kwa safari ya Arusha mpaka Moshi, kama kilomita 80, boksi langu lina kondensa na pointi zilizokwisha jaribiwa, rota, plagi mbili, fenibelti, mita moja ya mpira wa petroli na vibano vyake, fyuzi, waya mrefu wenye vibanio kwa ajili ya kupeleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye koili, taa ya kupimia, spana tatu za inchi nilizozitaja, jeki, jiwe la kuzuia gurudumu, na maji lita kumi. Kifuniko cha tenki ni kipya, chenye tundu, na mpira wake niliukata mwenyewe kutoka kwenye tyubu ya pikipiki.